Wastajieri wangu, msipige makofi haraka

Wastajieri wapya, wanafunzi wa tiba ya viungo waliokuja kujifunza kazi kwetu, wameingia, na hata kabla sijavua koti nimesikia makofi kutoka chumba cha bara, zile fimbo mbili za kushika wakati wa kujifunza kutembea. Mtoto ameshika fimbo mbili kidogo tu, tayari simu ziko hewani na mmoja wenu anapaza sauti: "Anatembea! Anatembea!" Mtoto akashtuka, mwili wote ukakakamaa, magoti yakapigana, akaenda chini. Mama yake kwenye benchi, kitenge mdomoni, hajui acheke au alie.

Nawapenda, wadogo zangu, lakini mnanichosha. Nayaandika haya nisiyarudie kila mwaka.

1. Makofi ya ghafla yanamwangusha mtoto IMC, yaani mwenye ulemavu wa mwendo uliotokana na ubongo kuumia. Mlisoma kwamba kelele na msisimko huongeza ukakamavu, mkajibu mtihani vizuri, kisha mkaacha daftari nyumbani. Msifu kwa sauti ya chini, uso wako ukiwa sawa na wake, na mikono yako ibaki kiunoni mwake. Mikono ya makofi inatoka wapi, kama kweli ulikuwa umemshika?

2. Usitangaze "anatembea". Sema alichofanya, wapi, akishika nini. Hapa nina deni, acha nilieleze lote.

Nilipokuwa stajieri kama ninyi, nilipewa mtoto wa kiume, miguu migumu, mikono mizuri, na kicheko kilichosikika hadi kwenye geti. Fishi, karatasi ya kumbukumbu zake, ilisema GMFCS ya 3 (kipimo cha mwendo wa watoto IMC, ngazi ya 1 hadi ya 5, ya 5 ikiwa nzito zaidi), maana yake kutembea kwake kungekuwa kwa kushika kitu. Mimi niliisoma fishi jinsi watu wanavyosoma tiketi ya pikipiki. Asubuhi moja, katikati ya bara, akavuta mguu wa kushoto, halafu wa kulia, halafu tena wa kushoto. Nikatoka mbio kumwambia mama kabla hata ya kumwambia msimamizi wangu. "Mama, mtoto ameanza kutembea!" Akanikumbatia, nikaona kazi hii ni tamu kweli.

Yaliyofuata alinisimulia mwenyewe baadaye. Alimpigia simu baba mtoto, aliyekuwa machimboni Walikale. Baba akatuma pesa ya viatu kwa simu siku ileile. Jumapili mama akatoa ushuhuda kanisani, watu wakaimba, na baada ya ibada nusu ya kanisa ikamfuata nyumbani. Bibi alikuwa amechinja kuku. Wakamvalisha mtoto viatu vipya, wakamsimamisha katikati ya parseli, yaani uani, wakarudi nyuma ili wamwone akija.

Sasa, ninyi mnaijua Goma. Parseli yao ilikuwa juu ya lava ya volkano ya Januari 2002, ile iliyopita katikati ya mji hadi ziwani. Hakuna bara pale, hakuna sementi, ni mawe meusi yenye meno ambayo mimi mwenyewe huyapita nikiangalia chini. Mtoto akaangukia paji la uso. Mjomba akasema wakine, sisi watu wa tiba ya viungo, ni waongo wanaotafuta pesa. Bibi, ambaye kuku wake alikuwa jikoni tayari, akamuuliza mama mbele ya wageni kama aliota.

Mama hakurudi. Mwanzoni nilifikiri amesafiri. Miezi ikapita. Siku aliyorudi, nilimlaza mtoto nikapima vifundo vya miguu: misuli ya nyuma ilikuwa imefupika, visigino havigusi tena chini. Ilibidi tuanze na plata, zile bandeji ngumu za jasi, moja baada ya nyingine, tuupate mguu tuliokuwa nao. Nikaomba msamaha. Akaniambia, bila hasira: "Docta, ulinipa furaha ya mkopo." Na mimi si hata docta.

Siku ile ningesema: "Mama, leo kwenye sementi, akishika bara, na mimi nikimshika kiunoni, amevuta miguu yake mwenyewe." Hilo ni jambo kubwa kwa mtoto yule, na lilistahili kuku! Halafu ningeuliza nyumbani kuna nini cha kushika. Tulikuja kuuliza baadaye. Nyumba ilikuwa ya mbao, kama nyingi za huku, na baba aliporudi akapigilia ubao mrefu ukutani kwa nje, usawa wa kifua cha mtoto, akasawazisha mawe chini yake kwa mchanga. Mtoto akaanza kwenda peke yake kutoka mlangoni hadi jikoni kwa bibi, akishika ubao. Bibi alinyamaza.

3. Soma ngazi ya GMFCS kabla ya kufungua mdomo, maana kwa ngazi ya 5 sehemu kubwa ya uwezo wa mwili huonekana kabla ya miaka 3 na kwa ngazi ya 1 karibu na miaka 5, na baada ya hapo kutorudi nyuma pia ni maendeleo ya kuandikwa.

4. Muulize mama ameona nini. Mama mmoja anayeuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, aliniambia: "Siku hizi nikimvalisha, ananisukumia mkono kwenye nguo." Tafuta mahali pa kuandika hilo kwenye fishi zetu, hutapata, andika pembeni. Yeye anaondoka alfajiri kuwahi samaki soko la Kituku, na mkono ule uliokuwa unang'ang'ania kifuani ulikuwa unamchelewesha kila siku. Mwingine alifurahi kwamba uji unaisha kabla haujapoa. Tulikuwa tumemfundisha kumkalisha mtoto wima, kidevu kikiinama kidogo, badala ya kumlaza kichwa nyuma na kummiminia. Hapo nilicheka naye kwa sauti, nikasahau sheria yangu ya kwanza.

5. Watoto wa Ponseti, wale waliozaliwa na miguu iliyopinda tunaowanyoosha kwa plata: siku ya kutoa plata ya mwisho wazazi huona kazi imekwisha kwa sababu mguu umenyooka. Washerehekee, lakini wafunge viatu vya chuma kwanza, vile viwili vilivyounganishwa kwa fimbo, saa 23 kwa siku kwa miezi 3, halafu usiku hadi miaka 4 au 5.

6. Ile chati ya ukutani inayosema mtoto hutembea peke yake kabla ya miezi 18 ni ya watoto wasio na ulemavu. Mama akiikodolea macho, mgeuzie kiti.

7. Simu mfukoni. Mama akitaka video, arekodi kwa simu yake.

8. Zawadi achague mtoto. Yule wa ubao, tulipomuuliza, alitaka kupanda chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma mizigo, ya mjomba, mjomba yuleyule wa "wakine ni waongo". Tukamkalisha juu ya ubao wa chukudu, mikono kwenye usukani, mjomba akasukuma polepole huku mimi nikishika kiuno. Mgongo wake ulikaa wima kuliko nilivyowahi kuuona mezani, na akawa anamwamuru mjomba aongeze mwendo. Mjomba akaongeza. Mimi nikabaki nyuma nikikimbia na kandambili, nikipiga kelele wapunguze, na hakuna aliyenisikiliza.