Nembo ya CE haitoshi kupitisha mzigo wa Kampala

Dada, umeuliza kama ekstensheni na chaja za China unazotaka kuchukua Kampala, uje uziuze Makoroboi hapa Mwanza, zitapita mpaka wa Mutukula bila TBS, shirika letu la viwango, kwa kuwa zina nembo ya CE. Hapana. CE ni ya soko la Ulaya, na kwa vifaa vingi vya umeme mtengenezaji hujibandikia mwenyewe.

Kinachotambuliwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, chini ya sheria yake ya viwango ya 2006, ni alama ya ubora ya nchi mwanachama, kama ya UNBS, shirika la viwango la Uganda, au KEBS la Kenya. Kuuzwa Kampala tu si kuthibitishwa. Muulize muuzaji cheti chenyewe.

Nakusihi usilichukulie kama usumbufu. Mwaka juzi nilifungua plagi ya ekstensheni iliyoanza kunuka moto sebuleni: haina fyuzi, nyaya nyembamba kama nywele, pini ya ethi, ile ya kupeleka umeme unaovuja ardhini, haijaungwa na chochote. Watoto walikuwa wamelala chumba cha pili.

Kabla hujalipa, nenda ofisi ya TBS Kanda ya Ziwa hapa Mwanza na sampuli moja mkononi.