Presha ya mapafu kwa kichanga: usiishie kwenye valvu

Nilipokuwa bado mgeni kwenye ultrasaundi ya moyo, niliandika kwenye faili la kichanga mmoja: valvu haivuji, presha ya mapafu kawaida. Nikafuta jeli, nikaanza kuondoka. Sista wa zamu akaniita: "Daktari, mkono wa kulia oksijeni inasoma 96, mguu 84. Hiyo kawaida ni ipi?"

Nikarudi na aibu yangu.

Tunaipenda valvu ya trikaspidi, iliyo kati ya chemba ya juu na ya chini za kulia, kwa sababu hesabu yake ni nyepesi. Damu ikivuja kwa kasi ya mita 3 kwa sekunde, 3 mara 3, mara 4, ni 36. Jumlisha presha ya chemba ya juu ya kulia, umepata presha ya mapafu. Isipovuja, huna cha kuhesabu, basi. Haina maana kwamba presha iko chini. Na hiyo 36 yenyewe ilinganishe na presha ya mwili: kwa kichanga ambaye ya juu ni 50, ni kubwa.

Siku ile aliyenijibu ni ukuta unaotenganisha chemba mbili za chini. Chemba ya chini ya kushoto, ambayo hutakiwa kuwa duara, ilikuwa imebonyezwa ikawa kama herufi D. Nikaitafuta daktasi, mshipa unaopaswa kujifunga baada ya kuzaliwa: damu yenye oksijeni kidogo ilikuwa ikitoka ateri ya mapafu kwenda aota, ateri kuu ya mwili, na kuingia baada ya tawi la mkono wa kulia. Mguu ungepataje oksijeni? (Ikipita kwenye tundu la chemba za juu pekee, mkono na mguu hushuka pamoja, kwa hiyo namba kulingana zisikulaze usingizi.)

Kabla ya kuagiza dawa ya kulegeza mishipa ya mapafu, hakikisha vena za mapafu zinaingia chemba ya juu ya kushoto. Zikiingia kwingine, hiyo ni kasoro ya moyo ya kuzaliwa, na dawa hiyo inaweza kumjaza maji mapafuni.

Pasha jeli joto, subiri atulie; kilio peke yake hupandisha presha. Njiti ambaye bado anategemea oksijeni akifikisha wiki 36 (jumlisha za ujauzito na za tangu azaliwe), mpime hata kama anaonekana mzima. Na andika alikuwa kwenye oksijeni kiasi gani ulipompima. Yule wangu nilimpima tena kesho yake, na sikuwa nimeandika, nikabaki nabahatisha kama amepata nafuu au tumemwongezea tu oksijeni.