Swali la lugha: Je, mti uliokatwa Uingereza ulikuwa mkuyu?

Swali: Shikamoo mwalimu. Natafsiri makala kuhusu ule mti mashuhuri uliokatwa usiku, Septemba 2023, kando ya Ukuta wa Hadrian kaskazini mwa Uingereza. Waingereza wanauita sycamore, na kamusi yangu inasema huo ni mkuyu. Mhariri amelikataa neno hilo. Je, amenionea? (Mfasiri, Mombasa)

Jibu: Marahaba. Hajakuonea. Kamusi nayo haijakosea, ila imekupa mti wa Biblia. Mkuyu aliopanda Zakayo kule Yeriko ndio huu huu wetu, Ficus sycomorus, wa familia moja na mfenesi na mforsadi. Ukiuchanja unatoa utomvu mweupe kama maziwa, na makuyu yake huota kwa vishada, yamebana shinani na kwenye matawi manene.

Mti wa Ukuta wa Hadrian hauna hata kimoja katika hayo. Ni Acer pseudoplatanus, jina alilolichapisha mtaalamu wa mimea Linnaeus mwaka 1753. Majani yake yamegawanyika sehemu tano, na huchipua mawili mawili yakitazamana. Tunda lake ni mbegu mbili zilizoshikana, kila moja na bawa lake. Likikauka hudondoka likizunguka na kupeperushwa mbali. Jenasi hiyo ya Acer, yaani kundi la miti inayokaribiana sana, ndiyo yenye jani lililomo katika bendera ya Kanada tangu 1965. Wamarekani nao jina sycamore wamelipa mti wa tatu kabisa, Platanus occidentalis, kwa hiyo tazama kwanza makala imetoka wapi.

Zamani Acer iliwekwa katika familia yake yenyewe, Aceraceae. Siku hizi, kutokana na uchunguzi wa vinasaba, imeingizwa katika Sapindaceae, na humo ndimo ulimo mshokishoki wa Unguja! Yaani mti ule wa Waingereza ni jamaa wa mshokishoki. Na mkuyu hata familia hawachangii.

Sasa jina. Waingereza huita miti mingine ya jenasi hii maple, nami nashauri tuseme mmepo, wingi mimepo. Usiogope m mbili kufuatana, mbona tunasema mmea na mmumunye. Mkaratusi nao ulikuja kutoka ng'ambo, ukapewa kiambishi cha ngeli ya M-/MI- ukatulia: mkaratusi umeanguka, mikaratusi imeanguka. Wapo wanaoandika "mti wa mepo". Kisarufi hakuna kosa, lakini hakuna anayesema "mti wa karatusi", na maneno matatu yatakuchosha kufikia aya ya pili.

Unapoutaja mara ya kwanza, weka na jina la kisayansi kwa herufi za mlazo, Acer kwa herufi kubwa na pseudoplatanus kwa ndogo. Kisha endelea na mmepo mpaka mwisho: mmepo ulikatwa, kisiki chake kikachipua.