Muulize Mwalimu: Steringi hafi, lakini barabara ya Somanga inakatika

Barua za mwezi huu karibu zote ni za muvi. Nadhani ni mvua, watu wako ndani. Wanafunzi wangu wa zamani wanajua kwamba vibanda vya video nilianza kuviingia zamani: nilikuwa nakwenda kuwakamata watoro wa kipindi cha jiografia, nikifika nakuta steringi ameshafungwa kamba, basi nami nasubiri nione atafunguliwaje.

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni kijana wa Chuno, Mtwara, nina kibanda cha video. Wiki iliyopita niliweka ile muvi ya New York kuganda barafu, ya kutafsiriwa, na wateja nusura wazipige. Mmoja anasema hayo yameshathibitishwa na wataalamu, yanakuja. Mwingine anasema ni uongo kama ule wa kimbunga Kenneth: tulihamishwa, tukarudi, hata bati moja halijang'oka. Bibi yangu naye yuko upande huo. Amesema tangazo lingine la kimbunga likija, yeye hatoki. Tumwamini nani?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Muvi hiyo naijua, The Day After Tomorrow, ya Roland Emmerich, ya mwaka 2004. Nimeiona mara tatu na mara zote nimefurahi pale Wamarekani wanapovuka mto kwenda kuomba hifadhi Mexico. Huyo mtafsiri wako hapo aliongeza maneno yake, nina hakika.

Nianze na uongo, maana ndio mtamu. Wanasema hewa ya juu kabisa angani inashuka kwa kasi na kugandisha kila inachogusa. Helikopta zinaganda mafuta huko Scotland, zinaanguka. Baridi inamfukuza steringi kwenye korido kama mbwa. Sasa chukua pampu ya baiskeli, ziba tundu kwa kidole gumba, sukuma mara kumi kwa nguvu, halafu shika pampu kule chini. Ina moto. Hewa ikibanwa hupata joto, na hewa inayoshuka kutoka juu inazidi kubanwa kadiri inavyoshuka. Kila kilomita moja ya kushuka inaongeza karibu nyuzi 10. Ikianza safari kilomita 10 juu ikiwa na nyuzi 50 chini ya sifuri, piga hesabu mwenyewe: ingefika mjini na nyuzi 50 za joto. Wale watu wangekuwa wanatafuta kivuli, si kuchoma vitabu vya maktaba ili waote moto.

Lakini mteja wako wa kwanza naye asizomewe. Ndani ya uongo huo kuna mfupa wa kweli. Bahari ya Atlantiki ina mkondo unaopeleka maji ya moto kaskazini, yakifika huko yanapoa, yanakuwa mazito, yanazama na kurudi kusini kwa chini. Barafu ya Greenland ikiyeyuka na kumwaga maji baridi yasiyo na chumvi, yale ya juu yanakuwa mepesi, hayazami vizuri, mkondo unalegea, na joto linalofika kaskazini linapungua. Wanasayansi wameupima mfululizo tangu mwaka uleule wa 2004, kwa vyombo vilivyofungwa baharini kati ya Afrika na Marekani. Ripoti ya jopo la Umoja wa Mataifa la mabadiliko ya tabianchi ya mwaka 2021 ilisema mkondo utadhoofika katika karne hii, ila hawatarajii usimame ghafla kabla ya mwaka 2100. Na hata ukisimama, ni mambo ya miongo ya miaka. Muvi inamaliza kwa siku chache kwa sababu wewe unatoza kiingilio cha saa mbili.

Sasa Bibi. Simlaumu. Aprili 2019 nilikuwa hapohapo Chuno kwa binti yangu. Shule zimefungwa, watu wa mabondeni wameambiwa wahame, mimi nimekaa barazani na redio tangu alfajiri nikitazama mnazi wa jirani. Mnazi ukatikisika kidogo, kama unaopungia mtu mkono, basi. Jioni vijana wa bodaboda wakaanza mzaha: Kenneth kakosa nauli. Nikacheka nami. Usiku ndipo habari za ng'ambo ya Ruvuma zikaanza kuingia. Kimbunga kilipiga Cabo Delgado, Msumbiji, tarehe 25 kwa upepo wa takriban kilomita 200 kwa saa, makumi ya watu wakafa, kisiwa cha Ibo kikabaki magofu. Kutoka Mtwara hadi kilipopiga ni kama kutoka Mtwara hadi Masasi. Tangazo halikuwa uongo. Upepo ulipita kwa mwenzetu.

Mwambie Bibi hivi, kwa upole: kimbunga kinahitaji bahari ya joto la nyuzi 27 hivi, na kinahitaji msokoto unaotokana na dunia kuzunguka. Karibu na ikweta msokoto huo ni dhaifu, na sisi tuko nyuzi 10 tu kusini yake. Ndiyo maana vingi vinaishia Madagaska na Msumbiji. Vingi, sikusema vyote. Aprili 1952 tufani ilipiga Lindi. Kaka yangu mkubwa alizaliwa mwaka huo na hakuwahi kuwa na cheti, mama alikuwa akiulizwa umri wake anajibu, "Huyu tufani ilimkuta hajatimiza arobaini." Alimfunga mgongoni, akalala chini kifudifudi ukutani mwa nyumba ambayo paa lake la makuti lilishaondoka lote kwa pamoja, anasema, kama mtu anayevuliwa kofia.

Halafu kuna hili ambalo muvi haiwezi kulionyesha, maana halina steringi. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipofika karibu na Mafia, kilikuwa kimeshachoka. Upepo wa kumwangusha mtu hatukuuona. Mvua ndiyo iliyokuja, na mvua ikaikata barabara ya Dar es Salaam kule Kilwa, maeneo ya Somanga. Mpwa wangu alikaa ndani ya basi siku tatu. Siku ya kwanza abiria walinunua samaki wa kukaanga kwa bei ya kawaida, ya pili kwa bei ya mara mbili, ya tatu samaki hakuna. Huku mjini nyanya zikawa za kuhesabu. Ukimpa Emmerich hadithi hiyo ataitupa: mji mzima unasubiri nyanya! Lakini ndivyo maafa yanavyotufikia, kupitia kalvati.

Bibi akikataa bado, usibishane naye siku ya tangazo. Mwambie leo, kukiwa shwari, achague yeye nyumba ya ndugu iliyo mlimani atakayopenda kulala. Na siku ukiirudia hiyo muvi nipigie. Helikopta zikianza kuganda simamisha, nitakuja na pampu.

SWALI: Mume wangu anasema kwenye ile muvi inayoitwa 2012 Afrika ndiyo inayobaki, wazungu wote wanakuja kwetu na meli. Ni kweli? Mama Shuku, Lindi mjini.

JIBU: Kwenye muvi, kweli, meli mwishoni zinaelekea Rasi ya Tumaini Jema, na mume wako hajaongeza chumvi. Chanzo cha maafa hayo ya muvi sasa: chembe ndogo sana za kutoka kwenye jua, nyutrino, eti zimechemsha kiini cha dunia. Mama, chembe hizo matrilioni yanapita mwilini mwako kila sekunde, na uji wako haujachemka.

SWALI: Je, bahari inaweza kufunika nchi yote kama kwenye ile muvi ya Kevin Costner? Nina kiwanja Mikindani, karibu sana na maji.

JIBU: Haiwezi. Barafu yote ya dunia ikiyeyuka, bahari itapanda mita 65 hadi 70. Lindi mjini kwaheri, lakini Newala iko mamia ya mita juu. Wanewala waliosumbuka miaka yote kufuata maji bondeni wangekuwa wamefuatwa na maji, ingawa ya chumvi. Hilo nalo ni la maelfu ya miaka.

La kiwanja chako ni jingine. Tangu mwanzo wa karne iliyopita bahari imepanda kiasi cha sentimita 20, yaani shibiri moja, na sasa inapanda kwa kasi zaidi. Shibiri ni kidogo ukiipima kwenye ukuta. Ufukweni kwenye mteremko mdogo ni hatua nyingi. Subiri bamvua kubwa la mwezi wa tatu, nenda saa maji yamejaa kabisa, chomeka kijiti pale povu linapoishia. Kisha mwite fundi aje na pimamaji, apande shibiri mbili juu ya kijiti hicho. Ikiwa kiwanja chote kiko chini ya hapo, mimi nisingemwaga zege.