Shangazi wa Kaloleni Anajibu: Bei Huulizwa Samaki Akiwa Mbichi

Shangazi, shikamoo. Mimi ni kijana wa miaka 27, napaka rangi nyumba hapa Kisumu. Mwezi uliopita mama alikuja kutoka Siaya kwa ajili ya kliniki ya macho. Maishani mwake hajawahi kuketi hotelini akahudumiwa, nikaona nimpeleke kando ya ziwa tule samaki. Niliagiza samaki wawili wakubwa wa kukaanga, ugali, mboga na soda. Bei sikuuliza, niliona haya mbele yake. Bili ikaja shilingi 3,900 na mfukoni nilikuwa na 2,500. Kabla sijatamka neno, mama alifungua fundo la leso yake, akatoa pesa zake za nauli na kuzihesabu juu ya meza. Hadi leo nikikumbuka usingizi unapotea. Je, wale watu waliniibia? Na nitajuaje kama samaki wale walikuwa wa ziwa letu au ni wale wa kutoka China?
– Mpaka rangi, Nyalenda

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila nikifika kwenye lile fundo la leso naiweka chini kwanza. Nauli ya mama ulimrudishia? Kama bado, mtumie sasa hivi, kisha urudi tuendelee. Na usidhani alikudharau. Mzazi anayesafiri na pesa zimefungwa kwenye leso ametoka nyumbani akijua kwamba mjini mambo huharibika, na siku hiyo alifurahi kwamba alikuwa nazo.

Sasa hiyo bili. Kabla sijaanza kuandika nilihudumu mezani miaka 6, kwenye hoteli moja ya samaki hapa mjini, kwa hiyo mambo ya jikoni nayajua. Orodha nyingi za vyakula haziandiki bei ya samaki, na kuna sababu ya kweli. Nenda Dunga, ufuo wa wavuvi hapa Kisumu, alfajiri ujionee. Mashua zinapoingia, akina mama wanaonunua wako ndani ya maji hadi magotini, na bei inapangwa palepale kulingana na kilichomo ndani ya mashua. Upepo ukiwa mkali usiku, wavuvi wanarudi na kidogo. Bei ya leo si ya jana, na hakuna mwenye hoteli atakayechapisha orodha mpya kila asubuhi.

Lakini kutoandika bei ni jambo moja, na kutoisema ni jingine. Mhudumu mwaminifu hukuletea samaki wabichi kwenye sinia, akakuonyesha kwa kidole: huyu 600, huyu 900, yule mkubwa 1,400. Wewe unachagua, naye anampeleka jikoni. Asiyeleta sinia husema tu, "Kuna mdogo, wa kati na mkubwa," na hapo ndipo watu wanapoumia, kwa kuwa kila jiko lina "mkubwa" wake. Samaki akishaingia kwenye mafuta ni wako, huwezi tena kubishana.

Nitakwambia jambo ambalo nimelibeba kwa muda mrefu. Mwajiri wangu wa wakati ule alituagiza tusitaje bei kwa mwanamume aliyekuja na mchumba, na watoto au na mzazi, kwa sababu alijua hatauliza. Nami nilitii. Siku moja baba mmoja aliyekuja na binti zake wawili alishindwa kulipa, akavua saa yake ya mkononi akaiweka kaunta kama rehani. Wale wasichana walikuwa wamevaa sare za shule, mdogo bado alikuwa na mfupa mkononi. Hakuwahi kurudi kuichukua ile saa. Kuanzia siku hiyo nilitaja bei kwa kila mtu, na kazi ile haikudumu. Kwa hiyo ukiniuliza kama walikuibia, mimi sikuwa pale siku yako. Ninachokijua ni kwamba ile haya uliyoiona mbele ya mama, wako watu wanaoitegemea wapate kula.

Uiondoe kabisa. Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 46, inampa mnunuzi haki ya kupewa taarifa zote anazohitaji ili afaidi bidhaa au huduma anayonunua. Bei ni taarifa ya kwanza. Ukiuliza, "Huyu ni ngapi, pamoja na ugali na mboga?" hujawa bahili wala mshamba. Uliza kwa sauti ya kawaida, mama akisikia. Atakuheshimu zaidi.

Kuhusu asili ya samaki, jambo hili limezungumzwa sana, hata Rais Uhuru Kenyatta alilitaja mwaka 2018 alipolalamikia samaki wanaoletwa kutoka China. Wale huja wakiwa wamegandishwa, kwenye katoni, karibu wote ukubwa mmoja. Ila usikimbilie kuhukumu kwa ukubwa peke yake, kwa sababu hata wanaofugwa kwenye vizimba hapa ziwani hutoka wakiwa wamelingana. Tazama upya wa samaki. Inua kifuniko cha shavu kwa kidole gumba: matamvua yawe mekundu na yenye unyevu, yakiwa ya kahawia au yamepauka, mwache. Jicho liwe limejaa, liking'aa. Lililozama na kuwa na ukungu ni la samaki wa siku nyingi au aliyegandishwa akayeyushwa. Bonyeza nyama karibu na uti wa mgongo. Ikibaki na shimo la kidole chako, mwache pia. Haya yote huwezi kuyafanya samaki akishakaangwa hadi akakauka na kumwagiwa nyanya na dania juu. Ndiyo maana narudia ile sinia.

Na nikuongezee hili, kwa kuwa watu wengi hupandwa na hasira wakisikia samaki wa kigeni. Tilapia tunayemsifu leo kwamba ni wa ziwa letu, pamoja na mbuta (sangara), waliingizwa ziwani humu miaka ya 1950. Ngege wa asili, yaani tilapia wa kienyeji, ambao bibi yangu aliwajua ni nadra sana siku hizi. Mimi sichukii samaki aliyetoka mbali. Ninachochukia ni kuuziwa wa katoni kwa jina na bei ya wa Dunga.

Zamani ningekutuma Lwang'ni, vile vibanda vya mabati vilivyokuwa kando ya maji, ambavyo vilibomolewa mwaka 2019 bandari ilipokuwa ikikarabatiwa. Jina lenyewe kwa Kijaluo ni nzi, na kweli walikuwepo, lakini samaki ulimchagua kwa mkono wako. Mama akija tena kliniki, mpeleke Dunga mapema kabla jua halijawa kali. Chagueni pamoja, mkubaliane bei, kisha akaangwe mkiangalia. Mama wa Siaya anajua samaki kukushinda wewe na mimi. Mwache yeye ndiye afungue shavu.

*

Shangazi, kwenye kundi letu la kanisa la WhatsApp umeletwa ujumbe wenye picha za samaki wengi waliokufa, wanaelea. Umeandikwa kwamba ziwa limetiwa sumu na tusile samaki wala omena. Watoto wangu wanapenda omena sana. Nimeacha kununua wiki mbili sasa. Nifanyeje?
– Mama wa watatu, Migosi

Mama watoto, ujumbe huo hata kwangu umefika, kutoka kwa watu wanne. Nimeutazama vizuri. Hauna tarehe, haukutaja ufuo, haukumtaja mtu yeyote aliyeona. Habari ya kifo isiyosema ni wapi wala lini, usiipeleke mbele hata kwa dada yako.

Samaki kufa kwa wingi si uongo, na hili ndilo linaloupa uvumi nguvu. Mwaka 2022 wafugaji wa vizimba upande wetu wa Ghuba ya Winam walipata hasara kubwa sana. Maji ya chini ziwani huwa na hewa kidogo, na yakipanda juu kwa ghafla samaki hukosa pumzi. Aliye huru huogelea akaenda pengine. Aliye kizimbani hana pa kwenda, anakufa mle pamoja na wenzake wote, na ndiyo maana picha huwa za kutisha vile. Samaki aliyeokotwa akielea usimle kamwe, hata akiuzwa kwa bei ya bure. Lakini yule aliyevuliwa hai hana hatia.

Juzi nilipita Soko la Jubilee saa kumi na mbili jioni. Mama mmoja ninayenunua kwake alikuwa bado na beseni limejaa, barafu imeshakuwa maji, anapepea nzi kwa kipande cha gazeti. Aliniambia wateja wanasimama, wanatazama, wanaondoka bila hata kuuliza bei. Karo ya mtoto wake iko ndani ya lile beseni. Nilinunua, nikapika, tukala.

Omena wako ni wadogo, wanavuliwa kwa taa usiku wenye giza kisha wanaanikwa. Wachague waliokauka vizuri, wanaong'aa kama fedha, wasio na mchanga wala harufu ya uvundo. Waoshe kwa maji moto mara mbili. Ukisikia tena habari ya sumu, sikiliza taarifa ya habari redioni au mwulize afisa wa uvuvi wa kaunti, kisha ulete jibu kwenye kundi lenu la kanisa, kwa kuwa aliyetuma ule ujumbe huenda naye anaogopa kama wewe.

*

Shangazi, nimealikwa chakula cha mchana na bosi wangu hoteli ya Milimani. Wataleta samaki na ugali. Nile kwa mkono au kwa uma?
– Karani mpya, Kondele

Kwa mkono, mwanangu. Uma haujui mifupa. Nawa kwanza, tumia mkono wa kulia, kata ugali tonge dogo, na mifupa uiweke ukingoni mwa sahani. Bosi akishika uma, mwache na uma wake. Ukiletewa bakuli la maji ya vuguvugu yenye kipande cha limau, ni ya kunawia vidole baada ya kula.