Mpira wa petroli si mpira wa maji, mimi nilifunzwa na pua

Mwezi wa saba, ile baridi ya Nairobi ya kuvaa jaketi mbili, soja wa kwetu alinigongea dirisha saa kumi na mbili asubuhi. "Mdosi, samahani, gari yako inanuka petroli mpaka huku geti." Nikamwambia ni kwa sababu nilijaza tangi jana, nikarudi kwa chai. Kusema ukweli hiyo harufu nilikuwa nimeisikia wiki mbili na kila mara najipa jibu, mara ni gari ya jirani, mara ni pikipiki imepita, na mchana ukifika haipo tena kwa hivyo unasahau.

Lakini soja akishakwambia kitu hutoki hivi hivi, ikabidi nifungue boneti yeye akiwa amesimama hapo na tochi. Hii gari ni Subaru kuukuu. Kwenye mpira unaopeleka petroli kwa injekta, zile zinazonyunyizia petroli kwa injini, pale unapoingia kwa paipu ya chuma, kulikuwa na tone limening'inia. Nikalipangusa. Nikawasha swichi bila kustati, pampu ikalia zile sekunde mbili zake, tone likarudi, likaanguka juu ya injini. Soja akarudi nyuma hatua tatu, hakuniambia kitu.

Gari haikutoka na huo mpira kiwandani. Miezi minane kabla fundi mmoja alinibadilishia filta, na mpira wa zamani ulipokatalia kwa filta akaukata na kisu akaweka "mwingine safi". Mimi nikalipa nikasema asante. Ule mwingine safi ulikuwa mweusi tii bila herufi hata moja juu yake, umefungwa na zile klipu za matundu ambazo unapata kwa mpira wa kuoshea gari. Ndani ya hiyo miezi minane ulikuwa umekuwa mgumu kama kiatu cha shule. Ndio maana harufu ilikuwa ya asubuhi tu: injini ikipata joto mpira unalainika unabana paipu, usiku baridi ikipiga unajikunja, unakuwa mgumu, petroli inapata njia. Kwa hivyo ukisikia harufu asubuhi na ipotee saa nne usijipongeze kwamba imejitengeneza, hapo mara nyingi inakwambia ni mpira au ni klipu.

Sasa kitu chenye kilinisumbua ni kwamba huyo fundi si mtu mbaya wala si mjinga, ni mtu alifunzwa kazi na pikap za kabureta, kile chombo cha zamani cha kuchanganya petroli na hewa. Gari ya kabureta inasukuma petroli kwa presha kidogo sana, psi (kipimo kile cha tairi) tatu mpaka saba hivi, hapo mpira wowote wa petroli unashika na klipu yoyote inatosha. Gari ya injekta ni hadithi tofauti, nyingi zinakaa kwa bar 3 hivi, yaani psi 43 na kitu, zingine juu ya hapo. Tairi yako umejaza psi 30 au 35. Yaani kwa huo mpira mwembamba kama kidole kuna presha kushinda tairi, ndani ni petroli badala ya upepo, na ekzosti iko karibu hapo.

Nikaenda Kirinyaga Road, kule kwa spea za magari Nairobi, Grogan kwa wale wa kitambo, na hapa ndio nataka uwe mwangalifu kwa sababu ukiuliza "mpira wa petroli" kila duka liko nao. Duka la kwanza jamaa akanitolea roli, "Huu ni wa petroli mkubwa, shika uone vile ni mgumu." Ugumu si kitu. Neno la petroli kuandikwa pale juu pia si kitu. Unachotafuta ni namba ya viwango, kama za SAE za Marekani au DIN za Ujerumani. SAE 30R7 ni mpira wa presha ndogo, mwisho wake ni psi 50, huo ni wa kabureta, wa mvuke, wa kurudisha mafuta kwa tangi. Ukiuweka kwa injekta za psi 43 utashika leo na kesho, shida ni kwamba unafanya kazi ukingoni kila siku, na joto la boneti juu yake. SAE 30R9 ndio wa injekta, umejengwa kubeba psi 100 na ndani uko na tabaka la kuzuia petroli isipenye. Ukipata umeandikwa DIN 73379 peke yake usifurahi haraka, hiyo namba iko na aina kadhaa ndani yake, muulize muuzaji presha ya kazi na uione imeandikwa, sio kuambiwa.

Duka la tatu mama mmoja alikuwa nao. Hata hakuniuliza gari gani, aliuliza tu "carb ama injekta?" na hapo nikajua nimefika. Bei yake kwa mita ilikuwa karibu mara tatu ya ule mwingine, lakini nilitaka nusu mita tu, kwa hivyo tofauti yote ilikuwa pesa ya lunch. Alinikunjia kipande mbele ya macho yangu nione kama kuna nyufa, kwa sababu mpira ukining'inia kwa mlango wa duka jua likiupiga miaka miwili unazeeka kabla hujaununua. Kunja hivyo kila mara, muuzaji mwenye bidhaa nzuri hawezi kukasirika.

Saizi nayo usikisie. Paipu nyingi za petroli za gari ndogo ni milimita 6 au 8, na ile wanaita tano kwa kumi na sita ya inchi ni kama 8, zinaingiliana. Beba kipande cha zamani mfukoni. Mpira wa 10 kwa paipu ya 8 halafu unakaza klipu mpaka ulie, hapo umejitengenezea shida nyingine kabisa.

Na hapo kwa klipu ndipo watu wengi wanaharibu kazi, hata mwenye amenunua mpira wa maana. Zile klipu za matundu zinazokazwa na bisibisi ziko na mistari iliyokatwa kwa bati na pembe kali, ukikaza mpira unajaa kwa matundu unaanza kukatika kidogo kidogo, na pale chini ya kichwa cha skrubu klipu haibani sawa na pande zingine. Tone likitoka unakaza tena, unakata zaidi. Nilipotoa zangu mpira ulikuwa na alama kama meno ya panya pande zote. Klipu ya injekta ni bati laini ndani, pembe zimekunjwa zinaangalia juu, inafungwa na bolti na nati ndogo, na inazunguka mpira wote sawasawa. Shida yake moja ni kwamba haina nafasi kubwa ya kukaza, unakuta imeandikwa milimita 13 mpaka 15, basi. Kwa hivyo pima unene wa nje wa mpira, sio shimo la ndani. Ule wangu wa 8 ulikuwa kama 14 kwa nje. Nilinunua kubwa mara ya kwanza, nikarudi Grogan na matatu kubadilisha klipu mbili, konda ananiangalia vile nanuka.

Ile paipu ya chuma nayo iangalie mdomo. Inafaa kuwa na kakivimbe mwishoni, mpira unapita juu yake na klipu inakaa nyuma yake, sio juu yake. Kuna mafundi wakipata paipu imeoza na kutu wanaikata kwa msumeno, wanaweka kipande cha mpira katikati na klipu mbili mbili kila upande. Paipu iliyokatwa laini haina kitu cha kushikilia mpira, hata ukiweka klipu nne presha itausukuma utoke siku moja, na siku hiyo huwa ni kwa lami. Itafutiwe paipu nyingine, au mwenye mashine aipanue mdomo vizuri.

Fitingi za kukaza na spana, ile tepu nyeupe ya mafundi wa maji weka mbali. Vipande vyake vinakatika vinasafiri mpaka kwa injekta, na fitingi za koni hazizuii kwa nyuzi hata, zinazuia pale koni mbili zinagusana. Ukinunua za dukani jua kuna koni za digrii 37 na za digrii 45, zinaweza kushikana nyuzi ukadhani ni ndugu, halafu zivuje milele. Zile bolti zenye tundu katikati zinataka washa (zile pete bapa) mpya za shaba kila ukifungua, pande zote mbili. Washa ni pesa kidogo sana, sijui kwa nini watu wanazirudisha.

Shemeji yangu naye alikuwa na yake. Gari inakatakata ikipanda mlima, akabadilisha pampu, ikatulia miezi michache, ikaanza tena, akaambiwa pampu ni feki abadilishe ingine. Hakuna harufu, hakuna tone. Tulipofungua tangi tukapata kale kampira kafupi kanachotoka kwa pampu kamevimba kama maandazi na kamepasuka ubavuni, pampu inasukuma petroli inarudi hapo hapo ndani ya tangi. Fundi alikuwa ameweka mpira wa kawaida wa nje. Hata 30R9 haifai kuzama, kwa sababu tabaka la ndani ndilo la petroli, ile ngozi ya nje haikuundwa kuogelea. Wa ndani ya tangi ni SAE 30R10, unauzwa vipande vifupi na ni ghali mpaka unafikiri umesikia vibaya, lakini pampu mbili ni ghali kushinda.

Kama gari yako ni zile petroli inapigwa moja kwa moja ndani ya silinda, Toyota za D4 au VW za FSI, jua iko na presha mbili. Kutoka tangi mpaka pampu ya injini ni ya kawaida, hapo haya yote yanafaa. Kutoka pampu ya injini kwenda injekta ni bar 50 na zaidi, zingine zinafika 200, hapo ni paipu za chuma za kiwandani na hakuna mpira wowote duniani unaingia. Dizeli za common rail, zile za kisasa ambazo injekta zote zinalishwa na paipu moja ya presha kubwa, ndio usiguse kabisa, zinapita bar 1000, na mafuta yakitoka kwa tundu dogo yanatoboa ngozi. Ikikupata hata kama kidonda ni kama cha sindano nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Kazi yenyewe haikufika saa moja. Nilitoa fyuzi ya pampu, nikastati mpaka injini ikafa yenyewe, nikatoa waya hasi wa betri, nikafunika kiungo na kitambaa ndio nikafungua, na bado petroli ilitoka kiasi cha kijiko. Kata mpira na wembe mpya, uwe sawa sio mshazari, paka mafuta kidogo ya injini uteleze, usukume kama sentimita mbili na nusu. Halafu rudisha umeme, washa swichi, izime, mara tatu, ukishika tishu kavu kwa kila kiungo. Tishu inaonyesha unyevu kabla ya jicho. Nilirudia tena asubuhi ya tatu kukiwa na baridi, nati moja ikakubali robo mzunguko.

Klipu zangu za matundu nilimpa soja. Amefungia ule mpira wa maji wa pale geti, na haijawahi kuvuja.