Mama wa Majengo, kuhusu kijana wako na zile video

Dada, nimekuelewa: umemkuta mwanao wa miaka 13 na video za ngono kwenye simu, na baba yake anasema ndondi anazotazama kwenye kibanda cha video ni mbaya zaidi, mbona huzikatazi.

Baba ana hoja. Mwaka 1982 bondia wa Korea Kusini, Duk Koo Kim, alifariki siku chache baada ya pambano la Las Vegas, na WBC, Baraza la Ndondi Duniani, ikapunguza raundi kutoka 15 hadi 12. Lakini ndondi zina refa na kengele, na mtoto anazitazama katikati ya watu. Zile video anazitazama peke yake chini ya shuka, hana wa kumwambia kwamba yule dada anayevutwa nywele anaumia. Ukatili umo humo humo. Mimi ningeanza na hizo.

Wangu nilimchapa, nikamnyang'anya simu. Akahamia kwa rafiki yake. Kilichosaidia ni mjomba wake: walipalilia kahawa Kibosho siku nzima, wakaongea mikono ikiwa kazini. Sasa simu inalala sebuleni.

Muulize taratibu nani alimtumia. Kama aliyemtumia ni mtu mzima, usifute kitu wala usimrushie yeyote, kusambaza ni kosa kwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Nenda Dawati la Jinsia na Watoto polisi, au piga 116, ni bure. Ukiona mwanao halali usiku au anawagusa wadogo zake, usingoje, mpeleke hospitali ya Mawenzi.